Alama Sabini na Nne za Perez Amolo

Katika kiwanda cha nyavu cha Mzee Yashwant, upande wa Kisumu unaopakana na Obunga, palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyosuguliwa na nailoni mpaka ikang'aa. Kila wavu uliotoka kwenye mashine ulipitishwa juu ya meza hiyo kabla ya kufungwa robota na kupelekwa madukani. Wanawake tisa walikaa kandokando yake, wakiuvuta wavu polepole na kutafuta kwa vidole fundo lililoruka au jicho lililokatika. Aliyekaa kwenye kichwa cha meza ndiye aliyeamua wavu upite au urudi. Mwaka 1995 aliyekaa hapo alikuwa Perez Amolo, na mimi ndimi niliyekaribia kumwondoa.

Perez alizaliwa Nyakach, si mbali na Pap Onditi. Alisoma mpaka darasa la nne, baba yake akaona inatosha. Aliolewa na Oketch, mpakuzi wa mizigo bandarini Kisumu, akawa mke wake wa kwanza. Mwaka 1978 aliandikwa kiwandani kufagia vipande vya nailoni chini ya mashine. Wakati huo kukagua na kushona nyavu ilikuwa kazi ya wanaume. Perez alikula chakula chake cha mchana akiwa amesimama nyuma yao, akitazama sindano ya mti inavyoingia na kutoka. Siku moja alimwambia msimamizi, Bwana Wakoli, kwamba wavu uliokuwa ukifungwa ulikuwa na mstari mzima wa mafundo yaliyolegea.

"Fagia, mama," Wakoli alimjibu. "Wavu una wenyewe."

Wavu huo uliuzwa. Baada ya siku sita mvuvi wa Dunga aliurudisha ukiwa umepasuka kama gauni kuukuu, akautupa mlangoni mbele ya Mzee Yashwant. Wakoli hakuwa mtu mbaya. Alikiri mbele ya tajiri kwamba mfagiaji alikuwa amemwonya, na wiki iliyofuata Perez alikaa mezani. Wakoli alipostaafu mwaka 1989, Mzee Yashwant alimwita Perez, akamwambia atamfanya msimamizi wa muda mpaka apatikane mwanamume anayefaa.

"Kama mimi ni wa muda," Perez alisema, "basi kosa nikilipitisha, nalo litakuwa la muda?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani yake. Neno "muda" halikuandikwa kwenye barua ya kumpandisha cheo.

Hayo yote niliyajua baadaye. Mwenyewe niliingia kiwandani Januari 1995, nikiwa na shahada yangu ya saikolojia bado kwenye bahasha iliyotoka nayo chuoni. Aliyeniajiri kwa miezi mitatu alikuwa Sumitra, mkwe wa Mzee Yashwant, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi. Novemba iliyopita fundi wa mashine aitwaye Dalmas alikuwa ameanguka kazini na kufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Sumitra hakulisahau jambo hilo. Alihudhuria semina Nairobi, akafundishwa kwamba wako watu wanaotawaliwa na kazi kama wengine wanavyotawaliwa na pombe, na kwamba wanaweza kutambuliwa mapema kwa hojaji. Alirudi na hojaji yenyewe kwa Kiingereza, kauli ishirini. Kila kauli ilikuwa na majibu manne: kamwe, mara chache, mara nyingi, siku zote. Kamwe ilipata alama moja, siku zote ikapata nne. Aliyezidi alama sitini alihesabiwa kuwa mraibu wa kazi.

Kazi yangu ilikuwa kuzitafsiri kauli hizo, kuwasomea wafanyakazi na kujumlisha. Niliifanya kwa moyo wote. Niliamini kwamba Dalmas angekuwa hai kama mtu kama mimi angefika mwaka mmoja mapema.

Uamuzi wa uongozi ulibandikwa ukutani: atakayezidi sitini atapumzishwa miezi mitatu kwa nusu mshahara, na kama ni msimamizi, nafasi yake atapewa mwingine moja kwa moja, ili akirudi asikute kishawishi kilekile.

Nilifika kwenye meza ya ukaguzi Jumanne asubuhi na makaratasi yangu. Niliwaeleza wale wanawake kwamba upo ulevi wa kazi.

"Ulevi?" alisema Jentrix, aliyekaa mkono wa kulia wa Perez. "Sasa huo unauzwa wapi? Mume wangu abadilishe."

Meza nzima ilicheka. Tangu siku hiyo waliniita Bwana Karatasi.

"Cheka, Jentrix," Perez alisema bila kuinua macho, "lakini vuta. Huo upande wako umelala. Haya, Bwana Karatasi, uliza. Mikono inafanya kazi, masikio yako huru."

Nilimweleza kwamba ni vizuri aache kazi kwanza ili atafakari.

"Nitatafakari nini? Unaniuliza habari za maisha yangu. Siyajui?"

Nilisoma. Kauli ya kwanza ilisema: nikikaa bila kazi, mikono yangu huhangaika. "Siku zote," alijibu, na vidole vyake vikakamata jicho lililokatika wakati huohuo. Hufanya mambo mawili au matatu kwa wakati mmoja. "Si unaona?" Siku ya mapumziko hufanya kazi nyingine. "Siku zote." Ni vigumu kwangu kumwachia mtu mwingine kazi yangu. "Siku zote." Wengine hawawezi kuanza mpaka nianze mimi. Hapo alisema kwa uthabiti zaidi: "Siku zote. Hiyo andika kwa nguvu." Kazi yangu ikichelewa, watu wengi huumia. "Siku zote."

Jentrix alijibu baada yake. Kamwe, kamwe, mara chache, kamwe. Nilipouliza kama huwaza kazi akiwa kanisani, aliweka mkono kifuani. "Mimi? Kanisani? Kamwe, Mungu ananiona."

"Anakuona kweli," Perez alisema, na meza ikacheka tena.

Nilijumlisha jioni ile. Jentrix alipata thelathini na moja. Perez alipata sabini na nne. Katika kiwanda chote, watu mia na kumi na wawili, hakuna aliyemkaribia. Nilijumlisha mara tatu, na nakiri kwamba nilifurahi. Chombo kilikuwa kimefanya kazi. Kilikuwa kimempata mtu.

Barua ya Perez iliandikwa Ijumaa. Ilimpa mpaka Jumatatu kukabidhi meza kwa Jentrix.

Jumatatu alikuja ofisini kwangu, chumba kidogo kando ya stoo ya nailoni. Hakubisha hodi. Nyuma yake alikuwa Jentrix, na Jentrix hakuwa akicheka.

"Mwambie," Perez alimwagiza.

"Bwana Oduor," Jentrix alisema, akitumia jina langu kwa mara ya kwanza, "mimi ile karatasi niliongopa. Si niliona ukutani kwamba mwenye nyingi anafukuzwa? Ningejibu nini? Mimi si mjinga. Lakini hii meza sikuitaka namna hii. Sijui nyavu kama huyu. Mkinipa, watarudisha nyavu mpaka mlango ujae."

"Umesikia?" Perez akasema. "Aliyedanganya amepewa cheo. Aliyesema kweli amepewa ugonjwa. Sasa nisomee hiyo karatasi yangu, moja moja, na safari hii uniulize kwa nini."

Nilimwambia kwamba hojaji haiulizi kwa nini. Nilifundishwa kwamba ukianza kuuliza kwa nini, kila mtu atapata sababu, na kipimo hakitakuwa kipimo tena.

"Kijana wangu," alisema, akavuta kiti na kukaa, "mimi hupima macho ya wavu kila siku kwa kijiti. Kijiti kikigoma kuingia, siandiki kwamba wavu ni mbaya. Natazama kwanza. Pengine nailoni ina maji, imevimba. Pengine kijiti ni cha wavu wa vidagaa vya omena na mimi nimeshika wa mbuta wakubwa. Soma."

Nikasoma. Wengine hawawezi kuanza mpaka nianze mimi.

"Nyumbani kwa Oketch tuko wake watatu," alisema. "Mimi, Maximilla, na mdogo wetu Nelima. Mimi ni mikayi. Mvua ya Machi ikinyesha, nani huweka mbegu ya kwanza ardhini?"

Jibu nililijua. Mimi ni mtoto wa Otonglo, hapo karibu na Kisumu. Nimemwona nyanya yangu mzaa baba akiingia shambani na babu tu, wakati wake wadogo wa babu wamesimama ukingoni na vikapu vyao, wakingoja. Mikayi, mke wa kwanza, ndiye hufungua msimu. Kabla yake hakuna anayepanda. Anayethubutu huogopewa kuwa ameuletea mji wote wa mume chira, laana ya kuvunja mwiko, na watoto wataumwa. Nilijua haya tangu sijaanza shule. Hata hivyo, nilipokuwa nikiitafsiri ile kauli kutoka Kiingereza, na nilipomsikia mama wa Nyakach akisema niandike kwa nguvu, hayakunijia hata mara moja. Nilikuwa nimejifunza kuiona kauli ile kuwa dalili, nami nikaiona dalili tu.

"Mikayi," nilisema.

"Mwaka tisini na tatu hapa palikuwa na oda kubwa ya nyavu za mbuta. Nilizuiwa Jumamosi tatu mfululizo. Mvua imenyesha, jirani wamepanda, mahindi yao yamefika hapa," akagusa goti. "Maximilla ananitumia ujumbe: dada, tumekaa na mbegu kwenye vikapu. Oketch yuko pale lakini peke yake hawezi kufungua. Nilipofika, mvua ilibaki kidogo. Mji wetu mzima ulivuna magunia matatu. Watoto kumi na nne. Sasa niulize tena: kazi yangu ikichelewa, watu wengi huumia?"

"Siku zote," nilisema.

"Ni vigumu kumwachia mtu mwingine?"

"Siku zote."

"Basi si ndivyo nilivyojibu? Hapo ulevi uko wapi?"

Jentrix alikohoa. "Na siku ya mapumziko anafanya kazi nyingine kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya shamba," alisema. "Hiyo nayo ni pombe?"

Nilichukua kalamu. Kauli kwa kauli, Perez alieleza na mimi nikaandika pembeni, maneno yake mwenyewe. Si zote zilizokuwa na maelezo ya shambani. Kwenye ile ya mikono kuhangaika alifikiri sana. "Hiyo ni kweli yangu," alisema. "Napenda kazi. Nikishika wavu mbovu nikautengeneza, nasikia vizuri hapa. Andika hivyo. Sioni aibu." Niliandika. Tulipomaliza nilimwambia twende kwa Sumitra.

Sumitra alitupokea vizuri. Alimwambia Perez akae, akaagiza chai. Alisoma maelezo yote ya pembeni, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Kisha akanitazama.

"Bwana Oduor, kipimo hiki kimetumiwa kwa maelfu ya watu."

"Ndiyo, Madam," nilisema. "Lakini si kwa mikayi hata mmoja. Nami nilijua, na sikuuliza. Kosa hilo ni langu, si lake."

Alichezea kishikizo cha kikombe. Alikuwa mtu mwenye huruma, na nadhani alikuwa akitafuta njia ambayo haingemwaibisha mtu yeyote. "Basi tufanye hivi," alisema. "Mama Perez, Oduor atakupa karatasi nyingine safi. Utajibu upya, ukifikiria kiwanda tu. Pale ulipoandika siku zote, unaweza kuandika mara chache. Ukipata chini ya sitini, hii ya zamani tutaichana. Hakuna atakayejua. Utabaki na meza yako."

Nilishusha pumzi. Niliona jambo limekwisha. Nilikuwa nimeanza kutoa karatasi safi kwenye faili wakati Perez aliposema:

"Hapana."

"Mama, ni kwa faida yako."

"Najua, Madam, na umesema kwa roho nzuri. Lakini nimekaa kwenye meza ile miaka mingi nikikataa nyavu mbovu. Mnaponitaka nipitishe karatasi mbovu ili nibaki hapo, kesho nitamwambia nini Jentrix akipitisha jicho lililokatika? Nimejibu kweli. Sibadilishi hata moja. Kama sabini na nne inanifukuza, inifukuze ikiwa sabini na nne."

"Mama Perez!" Jentrix alinong'ona. "Andika mara chache, twende."

"Kamwe," Perez alisema. "Hiyo ndiyo kamwe yangu ya kwanza, Bwana Karatasi. Iandike."

Sumitra aliweka kikombe chini. Sauti yake ilibadilika. "Unadhani ninafanya mchezo? Nilimwona Dalmas akibebwa. Mke wake alikuja hapa ofisini, akakaa kwenye kiti hicho. Ninaogopa kukuachia halafu wewe pia uanguke. Dalmas naye alisema anapenda kazi yake."

"Dalmas aliipenda," Perez alisema, na sasa alikuwa amesimama. "Mashine yake ilikuwa karibu na meza yangu, nilimwona kila siku. Lakini Madam, Dalmas hakufa kwa kupenda. Tangu Juni mpaka Novemba aliwekwa zamu mbili. Akitoka ya mchana anaingia ya jioni. Aliomba apunguziwe mara mbili, akaambiwa fundi mwingine anatafutwa. Sasa nitazamie hayo maswali yenu ishirini. Mnauliza kama mimi nafika mapema. Mnauliza kama mimi nachelewa kutoka. Mnauliza kama nafikiria kazi nikila. Liko wapi swali linalouliza nani aliandika zamu? Mngempa Dalmas hii karatasi, angepata nyingi, na mngesema: maskini, huyu ni mgonjwa wa kazi. Na zamu zingebaki ukutani."

Nilikuwa nimeshika hojaji mkononi, nikaipitia kutoka kauli ya kwanza mpaka ya ishirini, kana kwamba swali lile lingeweza kuwa limejificha mahali fulani. Halikuwepo. Kila kauli ilianza na mtu mwenyewe na kuishia kwa mtu mwenyewe.

"Hili ni kweli, Oduor?" Sumitra aliuliza.

"Wakati wa zamu hizo sikuwa nimeajiriwa bado," nilisema. "Lakini za hojaji ni kweli. Inapima jinsi mtu anavyoishika kazi. Haipimi jinsi kazi inavyomshika yeye."

Sumitra alifungua droo, akatoa daftari la zamu la mwaka uliopita. Tulimwona akigeuza kurasa. Juni, Julai, Agosti. Kidole chake kilishuka kwenye safu moja, kikasimama, kikashuka tena. Alipofika Novemba alilifunga daftari bila kulirudisha.

"Baba mkwe ndiye hutia sahihi haya," alisema polepole.

"Simtukani Mzee," Perez alisema. "Namheshimu, na amenisikiliza zaidi ya mara moja. Lakini mkitaka kujua nani ataanguka hapa, someni hilo daftari. Mimi niacheni."

Sumitra aliivuta barua ya kumpumzisha Perez. Chini yake palikuwa na nafasi ya maoni ya mwisho ya ofisi. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda. Najua alichokuwa akipima. Lile tangazo la ukutani lilikuwa lake, na kulivunja kwa mtu wa kwanza aliyepatikana ni kukiri mbele ya familia nzima kwamba semina, hojaji na mimi tulikuwa tumekosea. Kisha akaandika: *Barua imefutwa. Abaki kwenye meza ya ukaguzi. Zamu mbili zisimamishwe mpaka uongozi ukutane.*

Alimsogezea Perez karatasi. Perez aliisoma taratibu, midomo ikifuata maneno.

"Tarehe," alisema.

"Nini?"

"Hujaweka tarehe, Madam. Bila tarehe mtu anaweza kusema iliandikwa siku yoyote."

Sumitra alimtazama, kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatabasamu, akaandika tarehe. Jentrix alianza kushukuru kwa niaba ya wote, akitaja na Mungu, lakini Perez alimshika mkono.

"Usishukuru. Si zawadi. Asante ni ya chai."

Wakatoka.

Uongozi ulikutana baada ya wiki mbili. Zamu mbili ziliondolewa kwenye mashine, ingawa si katika idara ya kufungasha, na jambo hilo Perez aliendelea kulidai kila mwezi mpaka watu wa ofisini wakaanza kumkwepa. Mimi nilimaliza miezi yangu mitatu. Katika ripoti yangu niliandika kwamba hojaji isitumiwe kumwondoa mtu kazini mahali popote ambapo mtafiti hajui mtu huyo hufanya kazi ya nani, kwa nini, na kwa amri ya nani. Sikuongezewa mkataba, na sikuuomba.

Perez Amolo alikaa kwenye kichwa cha meza ile miaka mingine minne, mpaka alipoamua mwenyewe kuondoka. Alimwachia Jentrix, baada ya kumfundisha kukataa. Hojaji yake imebaki kwenye faili la kiwanda, na maelezo ya pembeni kwa mwandiko wangu. Mwaka wa mwisho karani mpya alimuuliza kama angependa itolewe, maana ilionekana mbaya kwenye rekodi nzuri namna ile.

"Iache," alimwambia. "Ni zangu zote, sabini na nne. Nilizifanyia kazi."